Vidakuzi na Ridhaa Isiyoeleweka: Nafasi ya Kiswahili katika Kulinda Faragha Mtandaoni

Ni muhali siku hizi kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kuitimiza siku nzima bila kufungua tovuti. Matokeo ya mitihani yamo humo, maombi ya mkopo wa masomo yamo humo, magazeti yamo humo, na hata vitabu ambavyo zamani vilipiganiwa katika rafu za maktaba sasa husomwa kwenye kioo cha rununu. Aghalabu, kabla mgeni wa tovuti hajasoma hata sentensi moja, hutokea kijisanduku chini ya ukurasa kikimwarifu, kwa Kiingereza, kwamba tovuti hiyo inatumia vidakuzi, na kumtaka akubali. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi ya kuvutia. Cha kukataa, iwapo kipo, kimefifia mithili ya mwezi wa mchana. Mgeni hubonyeza. Hajui amekubali nini, wala hakuulizwa kwa lugha ambayo angeielewa barabara. Lakini kwa hesabu ya mwenye tovuti, ridhaa imekwisha kupatikana.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba ridhaa ya namna hiyo si ridhaa hata kidogo, na kwamba wapenzi wa Kiswahili, hususan wale walio vyuoni, wana wajibu wa moja kwa moja katika suala ambalo kwa muda mrefu limeachiwa mawakili na mafundi wa tarakilishi. Hata hivyo, sharti kitu chenyewe kieleweke kwanza, kwa maana mjadala mwingi kuhusu vidakuzi huendeshwa na watu wanaoviogopa bila kuvijua, au wanaovidharau kwa sababu iyo hiyo.

Kidakuzi ni maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi baiti 4,096, ambayo tovuti hukikabidhi kivinjari cha mgeni ili kiyahifadhi. Si programu. Hakiwezi kujiendesha chenyewe, hakiwezi kufungua picha za mtu wala kusoma jumbe zake. Mara nyingi maandishi hayo ni nambari ndefu isiyo na maana kwa macho ya binadamu. Haja yake inatokana na tabia moja ya mtandao: seva haina kumbukumbu. Kila ombi linapoifikia, hulijibu na kulisahau papo hapo, kana kwamba mtu yule yule aliyeomba dakika iliyopita ni mgeni mpya kabisa.

Yeyote aliyewahi kuingia katika duka kubwa la mjini akiwa na mkoba anaijua dawa ya usahaulifu huo. Mlangoni kuna kaunta. Mteja huacha mkoba na kupewa kibao chenye nambari, tuseme 47. Mhudumu hahitaji kuikumbuka sura yake wala kulijua jina lake. Akirudi na kibao nambari 47 hupewa mkoba nambari 47. Kidakuzi ndicho kibao hicho. Mwanafunzi akishaandika jina na neno la siri katika mfumo wa usajili wa chuo, seva humpa kibao, na kila ukurasa anaoufungua baada ya hapo kivinjari chake hukionyesha kimya kimya. Lau kisingekuwapo, angelazimika kuandika neno lake la siri kila anapohama ukurasa mmoja hadi mwingine. Basi kidakuzi cha aina hii ni mtumishi mwema, na anayewashauri watu wazuie vidakuzi vyote bila kubagua hajawahi kuishi na ushauri wake kwa wiki nzima.

Aliyebuni mbinu hiyo ni Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, mwaka 1994. Kampuni ilikuwa ikitafuta namna ya kuliwezesha duka la mtandaoni kukumbuka bidhaa ambazo mnunuzi ameziweka katika kikapu chake. Jina la Kiingereza alilolitumia, ambalo maana yake ni biskuti, lilikuwa tayari likitumiwa na waandishi wa programu kwa kipande cha data kinachopitishwa kati ya programu moja na nyingine. Kwa muda wa zaidi ya mwaka, watumiaji wa kawaida hawakuwa na habari kwamba vivinjari vyao vilikuwa vikiweka vitu hivyo. Wengi walianza kufahamu mnamo Februari 1996, pale gazeti la Financial Times la Uingereza lilipoandika juu yake. Mwaka uliofuata, 1997, wataalamu wanaoweka viwango vya mtandao walitoa waraka uliojulikana kama RFC 2109, uliopendekeza kwamba vivinjari visikubali vidakuzi vya mtu wa tatu isipokuwa mtumiaji mwenyewe akiamua hivyo. Netscape na Microsoft, waliokuwa wakitengeneza vivinjari vilivyotamalaki wakati huo, hawakulifuata pendekezo hilo. Ni vyema tarehe hiyo izingatiwe, kwa sababu husemwa mara kwa mara kwamba madhara ya teknolojia hii hayangeweza kutabirika. Yalitabiriwa, yakaandikwa, yakawekwa katika waraka wa hadharani, kisha yakapuuzwa.

Huyo mtu wa tatu ndiye kiini cha mambo. Ukurasa mmoja wa gazeti la mtandaoni huweza kuwa na vipande vilivyotoka katika seva kadhaa: habari kutoka kwa gazeti lenyewe, tangazo la biashara kutoka kwa kampuni ya matangazo, kitufe cha kusambaza habari kutoka kwa mtandao wa kijamii, na kipimo cha kuhesabu wageni kutoka kwa kampuni nyingine tena. Kila seva iliyotoa kipande inaweza kuweka kidakuzi chake. Kwa kurejelea duka, ichukuliwe kwamba kampuni moja ndiyo iliyopewa kaunta za mikoba katika kila duka la mji: katika duka la dawa, la vitabu, la nguo za watoto, katika benki na hata katika ofisi ya wakili. Mteja akipewa kibao nambari 47 mahali pamoja, anakionyesha kila anapoingia kwingine, apende asipende. Kampuni hiyo haina haja ya kujua jina lake. Inajua kwamba nambari 47 alisoma asubuhi kuhusu dalili za kifua kikuu, adhuhuri akauliza juu ya mikopo ya haraka, na usiku akatafuta wakili wa masuala ya talaka. Mtu na mkewe huenda wasijuane kwa kiasi hicho. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimo mfukoni, ndani ya rununu.

Hapo ndipo suala la istilahi linapopata uzito. Katika Kiswahili cha leo kuna majina mawili yanayoshindana. La kwanza ni kuki, lililotoholewa moja kwa moja kutoka Kiingereza. La pili ni kidakuzi, wingi vidakuzi, ambalo limeenea kupitia matoleo ya Kiswahili ya programu za Google na limeingia katika sera za faragha za tovuti kadhaa. Wako wanaolicheka hili la pili, kama walivyolicheka neno ngamizi, na kama ilivyochukua muda tarakilishi kukubalika katika madarasa ya Kenya. Husema ni gumu, ni la kubuniwa, na kwamba hakuna mtu anayelitumia sokoni.

Lakini neno kuki linamwambia nini Mkenya asiyelijua Kiingereza? Halimwambii lolote. Na anayelijua Kiingereza linamwambia uongo mtamu: kwamba anapewa kitu cha kutafuna na chai. Kidakuzi, kwa upande mwingine, kina sauti ambayo sikio la Mswahili haliwezi kukosa kuitambua. Kuna udaku, uvumi na habari za siri za watu, na magazeti ya udaku yamelifanya neno hilo lifahamike kutoka Mombasa hadi Kigoma. Kuna mdakuzi, mtu anayependa kuchungua mambo ya wenzake na kuyatoboa. Kiambishi ki- kinakifanya kitu kuwa kidogo, nacho hakika ni kidogo. Kwa hivyo yeyote anayelisikia neno kidakuzi kwa mara ya kwanza huwa tayari ameonywa: hapa pana kitu kidogo kinachoweza kumsema.

Yawezekana kupinga kwamba jina hili linakionea kile kibao cha usajili kilichotajwa hapo juu, ambacho hakimsemi mtu kwa yeyote isipokuwa seva iliyokitoa. Ni kweli, linakionea. Hata hivyo, kati ya jina linalomtia mtumiaji tahadhari kupita kiasi na jina linalomlaza usingizi, la kwanza ndilo lenye faida. Isitoshe, lina upatanisho wa kisarufi ulio wazi: vidakuzi vyote, vidakuzi hivi, wakati ambapo kuki zimekuwa zikiyumba baina ya kuki zote na makuki yote kulingana na anayeandika.

Istilahi njema peke yake haitoshi. Tovuti chache zilizojaribu kuandika ilani yao kwa Kiswahili mara nyingi zimeandika Kiingereza kilichovaa kanzu. Sentensi ya kawaida ni hii: tunatumia kuki ili kuboresha uzoefu wako. Uzoefu, kwa Mswahili, ni alio nao fundi aliyeshika nyundo miaka 20, au mkunga aliyezalisha kijiji kizima. Tovuti haiwezi kuuboresha uzoefu wa mtu kwa kumwekea nambari katika rununu. Sentensi hiyo haina maana katika Kiswahili, na kusema kweli haina maana kubwa hata katika Kiingereza. Ilibuniwa ili isikike vizuri bila kueleza lolote. Mfasiri mwaminifu angeuliza kwanza kitu gani hasa kinafanyika, kisha akakitaja. Kama tovuti inahesabu wageni, na iseme inahesabu wageni. Kama inaiuzia kampuni nyingine nafasi ya kumfuatilia msomaji, na iseme hivyo, halafu tuone, kama wasemavyo vijana, ni wangapi watakaobonyeza.

Kisheria, jambo hili si geni nchini. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa au kufichuliwa bila sababu kwa habari zinazohusu familia yake au mambo yake ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya 2019, ilianza kutumika Novemba 25, 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inakitambua kitambulisho cha mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Kwa hivyo nambari 47 iliyotajwa hapo juu haiponyoki kwa kisingizio kwamba haina jina. Kanuni za Jumla za mwaka 2021 zinakwenda mbali zaidi na kuvitaja vidakuzi zinapoeleza jinsi data ya mtu inavyotumiwa kumlenga kwa matangazo ya biashara.

Muhimu kuliko yote ni jinsi sheria inavyoifasili ridhaa. Ni lazima iwe bayana, isiyo na utata, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyearifiwa. Aidha, kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinampa mwenye data uhuru wa kuiondoa wakati wowote. Neno aliyearifiwa ndilo linalopaswa kushikiliwa. Katiba iyo hiyo, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi ya Jamhuri. Ni vipi basi tovuti inayowahudumia Wakenya, inayouza bidhaa zake kwa matangazo ya redio ya Kiswahili na mabango ya Kiswahili kando ya barabara, ibadilishe lugha pale tu inapofika wakati wa kuomba ruhusa? Mteja hubembelezwa kwa Kiswahili na kutiwa sahihi kwa Kiingereza. Hilo si suala la uhaba wa maneno.

Wapo watakaojibu kwamba mwanafunzi wa chuo anakielewa Kiingereza vilivyo. Yamkini. Lakini mtandao si wa wanafunzi pekee. Mwuza mboga wa Gikomba ana rununu. Mwendesha bodaboda wa Bungoma anayo. Mvuvi wa Lamu anauliza bei ya samaki humo humo. Na hata huyo mwanafunzi, akikabidhiwa sera ya faragha ya kurasa 12 iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, hataimaliza. Vilevile si haki kudai kwamba Kiswahili kitamfikia kila mtu. Kuna mabibi na mababu huko Turkana na Kajiado ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, na ilani ya maandishi, kwa lugha yoyote ile, haimsaidii asiyejua kusoma. Ila udhaifu huo ni sababu ya kuongeza lugha na njia, si ya kubakia na lugha moja.

Kinachofanyika kwingine kinaonyesha kwamba vitufe hivi vinaweza kudhibitiwa. Katika Muungano wa Ulaya, mahakama ya juu ya muungano huo iliamua Oktoba 1, 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla ya mtumiaji kufika si ridhaa. Mnamo Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 dhidi ya Google na euro milioni 60 dhidi ya Facebook. Kosa lilikuwa dogo kwa sura lakini kubwa kwa athari: kukubali vidakuzi kulihitaji mbonyezo mmoja, kukataa kulihitaji kadhaa. Nchini Kenya, faini tatu zilizotangazwa na Ofisi ya Kamishna Septemba 2023 ziliwaangukia mkopeshaji wa mtandaoni, mahali pa burudani na shule, kwa makosa yaliyohusu nambari za simu na picha za watu. Vidakuzi havikuwemo. Adhabu ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kiasi ambacho kampuni kubwa ya matangazo haiwezi hata kukisikia mfukoni.

Kwa hivyo mtumiaji hana budi kujisaidia, na bahati njema ni kwamba anaweza. Jambo la kwanza analopaswa kulifahamu ni kuwa kijisanduku cha tovuti si mlango pekee. Mlango mkubwa umo katika kivinjari chenyewe, katika mipangilio yake, sehemu inayohusu faragha na usalama. Humo mtu anaweza kuzuia vidakuzi vya mtu wa tatu huku akiviacha vya tovuti anayoitembelea vifanye kazi yake. Huu ndio uamuzi mmoja wenye faida kubwa kuliko yote mengine, na hufanywa mara moja tu. Safari ya vivinjari imetofautiana: Safari ya kampuni ya Apple imekuwa ikizuia kabisa vidakuzi hivyo tangu Machi 2020, Firefox, kuanzia Juni 2022, hukifungia kila kidakuzi katika tovuti iliyokileta ili kisionekane kwingine. Chrome, ambayo ndiyo iliyomo katika rununu nyingi za Android nchini, ni kisa kingine. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa vidakuzi vya mtu wa tatu katika muda wa miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na hatimaye Julai 2024 ikaliacha wazo hilo. Aprili 2025 ilisisitiza kwamba mtumiaji ataendelea kuchagua mwenyewe katika mipangilio. Si ajabu kwamba kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo iliyochelewa kuliko wenzake. La muhimu kwa msomaji ni kwamba asiyekwenda kuibadilisha mipangilio hiyo kwa mkono wake mwenyewe asidhani kuna aliyemfanyia. Na kwa kuwa Chrome inaweza kuwekwa katika Kiswahili, huo nao ni mwanzo mzuri wa zoezi.

Kufuta vidakuzi ni jambo jingine ambalo wengi huliogopa bila sababu. Anayevifuta hapotezi akaunti zake wala picha zake. Atatakiwa tu kuandika upya neno la siri katika tovuti alizokuwa amezizoea, kama mteja aliyekirudisha kibao na kulazimika kupewa kingine. Maneno ya siri ambayo kivinjari kimeyahifadhi yako mahali pengine na hayafutiki pamoja na vidakuzi isipokuwa mtu ateue hivyo. Ni muhimu pia kujua kwamba vidakuzi vingine hufa kivinjari kinapofungwa, ilhali vingine vina tarehe ya kufa ya mbali. Chrome, tangu 2022, haikiruhusu kidakuzi kuishi zaidi ya siku 400 bila kuhuishwa, muda ambao kwa mwanafunzi ni mwaka mzima wa masomo na ziada.

Hatari iliyo karibu zaidi na mwanafunzi, hata hivyo, si kampuni ya matangazo bali tarakilishi ya kushiriki. Katika saiba ya mtaani au maabara ya chuo, aliyeingia katika baruameme yake kisha akaufunga tu ukurasa na kwenda zake ameacha kibao mezani. Atakayekaa kiti hicho baada yake hahitaji neno la siri. Kidakuzi kinatosha, kwa sababu seva humtambua mwenye kibao, si mwenye sura. Hili si jambo la kufikirika. Mwezi Oktoba 2010 mwandishi wa programu wa Marekani, Eric Butler, alitoa programu iitwayo Firesheep iliyomwezesha hata asiye mtaalamu kunasa vidakuzi vya watu waliokuwa katika mtandao mmoja wa wazi usiotumia waya, na kuingia katika akaunti zao za Facebook na Twitter. Nia yake ilikuwa kuzilazimisha tovuti zisimbe mawasiliano yao yote, na kwa kiasi kikubwa zimefanya hivyo tangu wakati huo. Lakini tarakilishi iliyoachwa wazi haisaidiwi na usimbaji wowote. Katika mashine isiyo yake, mtu na atumie dirisha la faragha, ambalo hufuta vidakuzi likifungwa, na abonyeze kitufe cha kuondoka kabla ya kuinuka.

Dirisha hilo la faragha nalo lisipewe sifa lisizostahili. Halimfichi mtu kwa tovuti anazozitembelea, wala kwa msimamizi wa mtandao wa chuo. Mwaka 2024 Google ilikubali kuharibu kumbukumbu nyingi za watumiaji waliokuwa wakivinjari katika dirisha hilo, ili kuimaliza kesi iliyofunguliwa Marekani na watu waliodhani kwamba humo hawaonekani. Zaidi ya hayo, zipo mbinu za kumtambua mtu bila kidakuzi chochote, kwa kuangalia ukubwa wa kioo chake, fonti zake, lugha aliyoiteua na mengineyo, mpaka mkusanyiko huo uwe kama alama ya kidole. Mbinu hizo hazina kitufe cha kukataa. Ndiyo maana jukumu haliwezi kuachiwa mtumiaji peke yake, hata awe mwerevu kiasi gani.

Turufu iliyo mikononi mwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni ndogo lakini ni ya hakika. Karibu kila chuo kikuu nchini kina tovuti yake, na tovuti hizo zinakusanya data za wanafunzi walewale wanaosomea tafsiri, istilahi na isimujamii katika madarasa yaliyo hatua chache kutoka ofisi ya msimamizi wa tovuti. Hakuna sababu ya kungoja bunge wala kampuni ya ng'ambo. Chama kinaweza kuomba kionyeshwe orodha ya vidakuzi ambavyo tovuti ya chuo inaviweka na kazi ya kila kimoja, kisha kuandika ilani ya Kiswahili kwa mujibu wa orodha hiyo. Kwa tovuti inayoweka kidakuzi cha kuingilia na kingine cha kuhesabu wageni kinachomilikiwa na kampuni ya nje, ilani yaweza kuwa hivi: “Tovuti hii huweka vidakuzi katika kivinjari chako. Kimoja hukuwezesha kubaki ndani ya akaunti yako, nacho ni cha lazima. Kingine huhesabu wageni na huipa kampuni ya nje habari za kurasa unazosoma. Hicho unaweza kukikataa, na huduma zote zitaendelea kama kawaida.” Chini yake viwekwe vitufe viwili vya ukubwa mmoja na rangi moja, Kataa na Kubali. Maneno yote hayo hayafiki 50, na yanaenea katika kioo cha rununu ya bei nafuu bila msomaji kulazimika kuusukuma ukurasa chini.